Gemu chambo za watu wa YouTube: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nayapata kwa vijana wa vibanda vya pleisteshen, kwa wazazi, kwa wenye chaneli zinazochipukia na kwa wanaojifunza kutengeneza gemu kwenye laptop za mtumba. Mimi natengeneza video za gemu kwa Kiswahili nikiwa Kijitonyama, na jambo hili linaniuma kwa sababu wanaolipa ni wadogo zetu, kwa bando letu na kwa pesa iliyopatikana kwa tabu.

Gemu chambo ni gemu ya aina gani?

Ni gemu ambayo aliyeitengeneza hakukuwaza wewe unayeicheza. Alimuwaza mtu mwenye chaneli kubwa, kakaa mbele ya kamera, akajiuliza: huyu nimfanye nini ili apige ukelele au acheke mpaka aanguke, watu wakikate kipande hicho na kukisambaza? Gemu nzima inazungushwa kwenye sekunde hizo chache. Kingine chote ni cha kujazia.

Chukua gemu ya kutisha ya kawaida ya aina hii. Unaanza kwenye korido ya hospitali iliyohamwa. Taa inawaka na kuzima. Una tochi ambayo haiishi betri na haina kazi nyingine. Ukiusogelea mlango unafunguka wenyewe, tena bila kuzunguka kwenye bawaba: unapotea, halafu unatokea ukiwa umeshafunguka, kwa sababu hakuna aliyejisumbua kuutengenezea mwendo. Unaokota ufunguo, unarudi ulikotoka, na uso mkubwa unajaza kioo huku spika zikipasuka. Hayo yanajirudia mara tatu au nne, kisha maandishi yanakuja: itaendelea sura ya pili. Ukiicheza tena, uso unatokea palepale, sekunde ileile. Mwenye chaneli hasumbuki, kwani yeye anaicheza mara moja tu. Anayebaki nayo ni wewe uliyelipa.

Zipo pia za kuchekesha: za mhusika mwenye miguu isiyomtii, za kuigiza kazi fulani huku kila kitu kikirushwa hewani, za kupanda juu na ukiteleza unaanzia chini kabisa. Sura ni nyingi, mlengwa ni yuleyule.

Zilianzaje?

Zilianzia kwenye gemu nzuri. Septemba 2010 kampuni ya Frictional Games ya Sweden ilitoa Amnesia: The Dark Descent. Humo hupewi silaha. Ukimwona kiumbe unakimbia na kujificha, na hata kumtazama tu kunamvuruga akili mhusika wako. Vijana wakaanza kujirekodi wakiicheza. Mmoja wao, Felix Kjellberg wa Sweden, ambaye dunia inamjua kwa jina la PewDiePie, alikuza chaneli yake kwa sehemu kubwa kwa kucheza gemu za kutisha huku akipiga kelele.

Mwaka 2012 ikaja Slender: The Eight Pages ya Mark Hadley, tena bure. Msitu, usiku, tochi, karatasi nane za kukusanya, na mtu mrefu asiye na uso. Ilikuwa ndogo, mtu yeyote aliweza kuishusha, na kila aliyeicheza alishtuka kwa namna yake. Ikasambaa kwa kasi.

Hapo ndipo wengi walipojifunza somo baya. Waliona msitu, tochi na ukelele, wakadhani vitu hivyo ndivyo vilivyoibeba. Hawakuona kwamba hofu ya Slender inapanda kadiri unavyookota karatasi, na kwamba kumtazama yule mtu ndiko kunakokumaliza, kwa hiyo unatembea ukiogopa macho yako mwenyewe. Hiyo ni kazi ya mtu aliyemfikiria mchezaji. Wanaoiga waliiacha hiyo wakachukua tochi.

Kwa hiyo kila gemu inayotrendi YouTube ni takataka?

Hapana, na ningeomba tusichanganye. Surgeon Simulator ilianza Januari 2013 kwenye Global Game Jam, tukio la watu kutengeneza gemu kwa siku chache, timu ya Bossa Studios ya London ikiwa na saa 48 tu. Unaendesha mkono wa daktari, kila kidole na kitufe chake, na unacheka kwa sababu ugumu wenyewe umepimwa. Goat Simulator ya Coffee Stain Studios, iliyotoka tarehe 1 Aprili 2014, iliacha kasoro zake makusudi, lakini zile za kuzimisha gemu zilirekebishwa. Mbuzi anaruka hovyo, ila mji umejaa vitu vya kugundua.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Scott Cawthon. Gemu yake ya watoto ilikosolewa kwamba wahusika wake wanatembea kama midoli ya mashine inayotisha. Aliuchukua ukosoaji huo akatengeneza Five Nights at Freddy's, iliyotoka Agosti 2014. Umekaa ofisini, huwezi kukimbia, una kamera, milango miwili na umeme unaoisha. Kila ukichungulia kamera unakula umeme. Kila ukifunga mlango unakula umeme. Sisi tunaoujua mgao tunaielewa hofu hiyo bila kufundishwa. Kushtuka kupo, lakini kabla ya kushtuka umefanya maamuzi mengi, na ukishindwa unajua ulikosea wapi.

Kipimo changu ni hiki: zima kamera, mtoe mtu anayepiga kelele, kaa peke yako na gemu. Kama bado kuna jambo la kufikiri, kujifunza au kufurahia, hiyo ni gemu. Among Us ilitoka mwaka 2018 bila kelele yoyote, ikaja kulipuka mwaka 2020 watu maarufu walipoanza kuirusha moja kwa moja. Umaarufu uliletwa na video, uzuri ulikuwepo tangu mwanzo.

Mbona siku hizi zimejaa hivi?

Kwa sababu gharama ya kuingia sokoni imeshuka mno. Zamani Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta la kampuni ya Valve, lilichagua lenyewe gemu za kuuza. Agosti 2012 likaanzisha Greenlight, wanachama wakawa wanapiga kura. Wajanja wakaanza kugawa nakala za bure ili wapigiwe kura. Juni 2017 Greenlight ikafungwa, ikaja Steam Direct: unalipa dola 100 kwa kila gemu, na unarudishiwa gemu ikishaingiza dola 1,000. Wakati huohuo injini za kutengenezea gemu kama Unity na Unreal unaanza nazo bila kulipa, na zina maduka ya vipande vilivyo tayari: msitu, hospitali, zombi, mlio wa mlango, vyote.

Mtu akiunganisha vipande hivyo kwa wiki chache, hasara yake ni ndogo. Chaneli moja kubwa ikiigusa gemu yake, ameshinda. Ni kama anayeweka mikeka kumi akijua mmoja ukitiki umelipa yote.

Kutumia vipande vya kununua ni wizi?

Ukivinunua na leseni inaruhusu, si wizi. Watengenezaji wazuri pia hununua miti na mawe ili muda wao uende kwenye mambo ya maana. Ubaya ni kununua gemu nzima ya mfano, kubadilisha jina na kuiuza.

Usipoangalia leseni ndipo balaa linapoanzia. Only Up!, gemu ya kupanda juu iliyotoka Mei 2023 na kuchezwa na karibu kila mrushaji mkubwa, iliondolewa Steam kwa muda kwa sababu ndani yake kulikuwa na sanamu ya msanii mwingine iliyotumika bila ruhusa. Ikarudi, na Septemba mwaka huohuo mwenyewe akaitoa kabisa, akieleza kwamba imemletea msongo mkubwa.

Nitaitambuaje kabla sijalipa?

Soma maoni ya wanunuzi Steam, lakini usisome maneno tu. Pembeni ya kila maoni kuna saa ambazo mtu huyo ameicheza. Gemu ikisifiwa na mamia ya watu waliocheza chini ya saa moja, wote wakitaja jina la mtu wa YouTube waliyemwona akiicheza, ujue umeshapata kilichomo: umeshaitazama.

Fungua pia ukurasa wa kampuni yenyewe uone imetoa gemu ngapi kwa mwaka. Tafuta video ya mtu anayecheza bila kuongea. Hiyo ndiyo itakayokuonyesha dakika tupu ambazo mtu mcheshi anazifunika kwa maneno. Video ya dakika kumi italamba bando, ndiyo, lakini kidogo sana ukilinganisha na kushusha gemu ya giga kadhaa. Na kumbuka Steam inatuuzia kwa dola. Dola 10 ni zaidi ya shilingi 20,000.

Nimeshanunua. Pesa inarudi?

Steam inarudi, ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili. Utaratibu huo upo tangu Juni 2015. Kama kadi uliyolipia haipokei marejesho, pesa inaingia kwenye pochi yako ya Steam. Google Play omba ndani ya saa 48. Ikiwa gemu imeharibika au haifanani na ilivyotangazwa, omba bila aibu. Ikiwa umeimaliza na umeifurahia, mwachie mtengenezaji jasho lake.

Niliiona kwenye video, nikaitafuta kwenye simu, nikapata APK (faili la kuingizia programu kwenye simu ya Android) ya bure. Ni yenyewe?

Mara nyingi siyo, na hapa ndipo watoto wetu wanapoumia zaidi. Wengi hawana kompyuta ya kuchezea gemu, wana simu ya mama au ya kaka. Video inaonyesha gemu ya kompyuta, mtoto anaandika jina lake, na kuna watu wamekaa wakimsubiri: wametengeneza kitu chenye picha ileile ya mbele, ndani yake ni matangazo tu. Nimeshika simu ya mtoto wa jirani yangu yenye gemu ya namna hiyo. Ukibonyeza kuanza, tangazo. Ukifa, tangazo. Kabla haijafunguka iliomba ruhusa ya kusoma meseji na majina ya kwenye simu. Gemu ya kutembea kwenye korido inataka meseji za mama za nini? Simu hiyohiyo ndiyo yenye akaunti ya pesa na meseji za benki.

Kwa hiyo usishushe APK kutoka kwenye kiungo kilichowekwa chini ya video. Nenda kwenye duka lenyewe, tazama jina la kampuni iliyotengeneza, na kama halifanani na la gemu ya kompyuta, achana nayo. Kama tayari imeshaingia, ifute, pitia ruhusa za programu zilizobaki, kisha badilisha namba za siri.

Mwanangu yupo darasa la pili. Hachezi, anatazama tu video za midoli inayoua, halafu usiku halali. Nifanyeje?

Pole, mzazi mwenzangu. Tangu Poppy Playtime ilipotoka Oktoba 2021, na yule mdoli wake mrefu wa buluu mwenye meno, zimekuja nyingi za kufuata mtindo huo: rangi za katuni za watoto, hadithi za watu kuuawa. Poppy yenyewe ilitengenezwa kwa ustadi fulani. Zilizofuata nyingi zimechukua rangi na meno. Garten of Banban ya Januari 2023 ilitoa sura ya kwanza bure na ya pili ikaanza kuuzwa Machi mwaka huohuo. Ilikosolewa sana kwa ubovu wake, na watoto waliendelea kuitazama kwa mamilioni. Mdoli wa gemu kama hizi ukiukuta Kariakoo, mtoto anauona ni wa kuchezea tu, na wewe hujui umetoka wapi.

Kwanza, ingia kwenye YouTube ya simu hiyo, futa historia ya kutazama na uzime kipengele cha video kujiendesha zenyewe moja baada ya nyingine. Ukiacha historia ilivyo, kesho zitarudi zilezile. Washa hali yenye vizuizi kwenye mipangilio, ingawa usiitegemee peke yake, maana rangi za katuni huipita. Kisha kaa naye mtazame moja pamoja, mchana, na umwombe akusimulie: huyu ni nani, kwa nini anakimbizwa? Mtoto anayeweza kusimulia anaogopa kidogo kuliko mtoto aliyeachwa na picha kichwani. Kumpokonya simu kwa ukali bila maneno kunamfanya akatazamie kwa rafiki, na huko utakuwa huna la kumwambia.

Mimi nina chaneli, na gemu hizi ndizo zinazoniletea watazamaji. Unataka niache?

Sikuambii uache, kaka. Najua masharti: ili YouTube ikugawie mapato ya matangazo, kwa video ndefu unahitaji wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na ukelele wako kwenye korido unaleta namba haraka. Ninachokuomba ni umheshimu anayekutazama. Mwambie gemu ni shilingi ngapi, ina urefu gani, na kama wewe ungeinunua kwa pesa yako. Sentensi tatu tu, mwanzoni, kabla ya kelele. Na kama inapatikana kwenye kompyuta peke yake, sema wazi, ili mtoto wa Mbagala asiende kutafuta APK.

Kuna kijana wa Tandika ninayemsaidia kuhariri video. Alikuwa akicheza gemu za kutisha za bure mfululizo, watu wanaingia, wanatazama mshtuko wa kwanza, wanatoka. Siku moja akaweka Bus Simulator Indonesia, gemu ya simu ambayo vijana wengi hapa wanaipenda kwa sababu unaweza kulivisha basi rangi unazotaka, na wameshayavisha rangi za mabasi yetu ya mikoani. Akaendesha safari nzima akiigiza utingo wa stendi ya Magufuli pale Mbezi: anapanga mizigo, anabishana na abiria kuhusu siti, anamwambia mzee mmoja kuku hawapandi juu. Watu walikaa mpaka mwisho. Kwenye maoni hakuna aliyeandika kuhusu gemu. Waliandika kuhusu yule mzee wa kuku. Kipaji alikuwa nacho siku zote, kilikuwa kimezibwa na kelele za gemu za watu wengine.

Kampuni ikinilipa nicheze gemu yake, lazima niseme?

Sema, tena ndani ya video yenyewe na si kwenye maelezo ya chini yanayofichwa. Mwaka 2016 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilimalizana na Warner Bros. baada ya kampuni hiyo kuwalipa watu wa YouTube, PewDiePie akiwemo, waisifie gemu ya Middle-earth: Shadow of Mordor ya mwaka 2014 bila watazamaji kuelezwa ipasavyo. Na hiyo ilikuwa gemu nzuri. Watazamaji wako wakigundua ulilipwa kusifia mbovu, hawatarudi.

Nikisema wazi kwamba gemu ni mbovu, wanaweza kunishtaki?

Imewahi kutokea. Studio ya Digital Homicide ya Marekani ilikosolewa vikali na mchambuzi Jim Sterling. Machi 2016 ikamshtaki ikidai zaidi ya dola milioni 10. Baadaye ikataka kuwashtaki watumiaji 100 wa Steam, na Septemba mwaka huo Valve ikaziondoa gemu zake zote dukani. Februari 2017 kesi dhidi ya Sterling ikafutwa.

Ninachokuambia wewe wa hapa ni hiki: kosoa kitu, usimtukane mtu. Onyesha mlango unaopotea, onyesha bei, onyesha dakika ulizocheza. Ukiwa na picha ya kila unachokisema, huna haja ya matusi.

Nataka kutengeneza gemu yangu ya kwanza. Nianze na ya kutisha, ili watu wa YouTube waione?

Ukiipenda hofu kwa dhati, ianze. Ukiichagua kwa sababu ya kelele tu, utashindana na maelfu ya korido zilizotangulia, na zote zina tochi.

Tazama kilicho mbele yako. Kazi ya konda wa daladala ni gemu nzima. Unapokea nauli kwenye msongamano, unakumbuka nani alikupa noti ya elfu mbili na anashukia Manzese, nani mwanafunzi, nani kajifanya amelala. Chenji inapungua mkononi. Mlangoni unaita abiria huku jicho moja liko kwa trafiki. Ukikosea hesabu, gari zima linakusema. Humo kuna kumbukumbu, haraka, uongo na ucheshi, na mtu akiicheza mbele ya kamera atacheka bila wewe kumlazimisha. Mtu yeyote aliyepanda gari ya Gongo la Mboto jioni atajua kama umedanganya.

Afrika watu wameshathubutu. Kiro'o Games ya Kamerun ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016, gemu ya mapigano iliyojengwa juu ya hadithi na mavazi ya Kiafrika, kwa miaka ya kazi na umeme unaokatika kama wetu. Hapa Dar, Buni Hub iliyo ndani ya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), Kijitonyama, ni mahali pa kukutana na wanaoandika programu. Mpe mtu acheze gemu yako na wewe unyamaze. Usimwelekeze. Andika kila anapokwama. Nimeona gemu zikiokolewa na jioni moja ya namna hiyo.

Ikishakamilika, niwafikieje wenye chaneli bila kuwa chambo?

Andika kwa chaneli chache ambazo watazamaji wake wangeipenda, ukianza na za Kiswahili, hata kama ni ndogo. Ujumbe uwe mfupi: gemu inahusu nini kwa sentensi mbili, video ya sekunde thelathini ya mchezo wenyewe bila majigambo, na nakala ya bure. Usimwambie aseme nini. Akikuta kasoro aionyeshe, nawe uirekebishe na umwandikie kwamba umerekebisha. Mwanzoni kabisa mwa ujumbe weka bei kwa shilingi, ukubwa wa gemu kwa megabaiti, na kama inacheza kwenye simu ya kawaida. Hayo ndiyo atakayoulizwa na watazamaji wake kabla video haijafika katikati.